Arobaini na Mmoja Wanaojua Kusoma

Ofisi ya Elimu ya Watu Wazima
9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepoa, na chumba changu hakivuji tena tangu mwenye nyumba alipopanda mwenyewe juu ya bati. Mwalimu atakayekusomea barua hii naye nampa shikamoo yake, na namwomba asikimbize kama alivyoikimbiza ile ya Desemba, maana uliniambia ulimrudisha nyuma mara tatu.

Siku mliyonipokea pale machimboni bado naiwaza. Nimezoea kuona watu wakitawanyika wakimwona karani mwenye daftari, lakini ninyi mlipanga foleni. Mlikuwa mmejiosha vumbi la kokoto mpaka kwenye nyusi. Ulikuwa wa kwanza. Ulichukua kalamu, ukaandika jina lako bila kupumua, kisha ukanitazama kama mtu usiyemfahamu. Watu arobaini na mmoja, na wote wakaandika majina yao. Nikawawekea alama ya vema kwenye safu ya "Anajua kusoma na kuandika," kwa kuwa maelekezo yanasema anayeandika jina lake mbele ya msajili ahesabiwe kuwa anajua.

Mkuu wangu alifurahi kupita kiasi. Aliwaita hata watu wa chumba cha pili waje waione karatasi. "Kituo gani kimewahi kuniletea safu isiyo na pengo?" alisema, akanipiga bega, chai yangu ikamwagika kwenye suruali. Tangu siku hiyo ananiita Karani Safi. Nimebakiza miezi miwili ya majaribio, na jina hilo ndilo linalonisaidia kupata usingizi, au ndilo linaloninyima, sijui.

Dada, kila nikishika kalamu nakumbuka kwamba nyumbani kulikuwa na nafasi ya mmoja, na kwamba aliyekaa nyumbani ni wewe. Najua hupendi niseme hivyo. Basi niambie tu, darasa linaendeleaje? Mmefika ukurasa wa ngapi? Nauliza kwa kutaka kujua.

Mdogo wako,
Karani

---

Machimboni
20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwalimu anaandika, mimi nasema, na nimemwambia asiyarembe maneno yangu.

Umeuliza ukurasa wa ngapi. Wa kumi na tisa. Ma, me, mi, mo, mu nazijua hata ukinizungusha. Zikiungana mbili nazisoma. Zikifika nne zinanigombania. Juzi nimesoma neno zima kwenye mfuko: SARUJI. Ni kweli nilijua ni saruji kabla ya kusoma, lakini nimesoma.

Sasa sikiliza. Imekuja barua kutoka ofisini kwenu. Mwalimu aliisoma mara mbili, tukadhani anatutania. Inasema darasa lifungwe tarehe 31 Machi, kwa kuwa kituo hiki hakina tena mtu mzima asiyejua kusoma, na Mwalimu ahamie kwingine. Tulianza kwa kucheka. Mzee Kiko akasema, "Kama nimeshaelimika, basi nipeni uhakimu." Mama Pacha akamwambia hakimu gani anashika kitabu juu chini. Halafu kicheko kikaisha, kila mtu akaanza kukung'uta nguo ambazo hazina vumbi.

Wewe uko humo ndani. Mtafute aliyekosea. Labda ni kijana mvivu tu, hakutazama vizuri alichokuwa anaandika. Mwambie dada yako anagonga mawe tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kitu pekee anachokifanya kwa ajili yake mwenyewe ni ile saa moja ya jioni. Mtu aliyefanya hivi hana ndugu anayepiga kokoto, nakwambia.

Mwalimu ameinamisha kichwa anaandika.

Dada yako

---

Ofisini
1 Machi

Kwa Mwalimu, tafadhali usome peke yako.

Shikamoo Mwalimu,

Aliyekosea ni mimi. Naandika sentensi hiyo mwanzoni kwa sababu nimechana karatasi tatu nikijaribu kuifikia mwishoni.

Siku ile niliona. Mzee Kiko alianza jina lake na herufi ya mwisho, akarudi kinyumenyume mpaka ya kwanza, na likatoka sawasawa kabisa, kama mtu anayejenga ukuta. Fundi Baiskeli aliandika jina la Mama Pacha. Nilipomwuliza kama ndilo lake, aliitika bila wasiwasi. Nikalifuta kwa kifutio, nikaandika la kwake kwa mkono wangu, nikaweka alama ya vema, na Mama Pacha, aliyeandika jina la Fundi, nikamfanyia vivyo hivyo. Hakuna niliyemwambia aandike neno la pili. Ningesema tu "andika kesho," au "andika maji," yote yangejulikana. Nilinyamaza kwa sababu maelekezo yalikuwa upande wangu, na kwa sababu Mkuu alishawaachisha kazi makarani wawili mwaka huu kwa "takwimu dhaifu." Niliogopa, Mwalimu. Niliogopa hata kabla ya kufika.

Na dada. Jina lile analoliandika nilimfundisha mimi nikiwa darasa la pili, kwa msumari ukutani, iwe zawadi. Nilijua kuliko mtu yeyote kwamba yeye halisomi. Lakini aliponitazama vile, sikuweza.

Nakuomba usimwambie. Mwambie suala linashughulikiwa. Nitatafuta njia ya kulirekebisha polepole, pengine baada ya majaribio yangu kwisha.

Wako kwa heshima,
Karani

---

Machimboni
6 Machi

Karani,

Marahaba.

Dada yako alinikuta nimeshika bahasha yako. Akauliza, "Anasemaje mdogo wangu?" Nikamwambia umesalimia. Nimefundisha watu wazima miaka kumi na moja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemsomea mtu kitu ambacho hakikuandikwa. Sitarudia. Kwa hiyo usinitumie tena siri.

Na kwa kuwa umekiri, nami nikiri. Wiki mbili kabla hujaja, dada yako alinijia baada ya kipindi. "Mwalimu, mdogo wangu anakuja na daftari. Akikuta tunatia dole gumba mkubwa wake atamdharau. Atasema karani gani huyu, kwao wote mbumbumbu." Akaniomba nimwandikie kila mtu jina lake kwa herufi kubwa. Nikakata maboksi ya chaki vipande arobaini na kimoja. Yeye akawasimamia saa ya chakula, wakachora kwa vijiti juu ya unga wa mawe, siku kumi na nne, akiwafokea kama sajini. Fundi na Mama Pacha walibadilishana vipande kwa bahati mbaya, na hakuna aliyegundua. Niliona watu wakichangamka kuliko walivyowahi kuchangamkia ukurasa wowote, nikajiambia hakuna ubaya. Kumbe sote watatu, wewe, mimi na dada yako, kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake asiaibike, na tumelifunga darasa.

Unajua kwa nini wanafika ukurasa wa kumi na tisa baada ya mwaka mzima? Si vichwa vyao. Wanakuja kwangu jioni, mikono imeshika nyundo kwa muda wa saa kumi. Penseli inawatetemeka. Dada yako huikalia mikono yake kwanza mpaka itulie. Kumi na wawili hawaoni ubao. Nilipoomba miwani nililetewa mabango yanayosema elimu ni mwanga. Kitabu tulichopewa kinawaambia "baba ana bata." Mama Pacha anataka kusoma kadi ya kliniki, Fundi anataka kusoma maboksi ya vipuri, hakuna mwenye haja na bata. Haya yote niliyaandika kwenye ripoti nne. Zinafika kwenu. Nani anazisoma?

Mwandikie dada yako mwenyewe. Nitamsomea kila neno, taratibu.

Mwalimu

---

Ofisini
13 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mwalimu, tafadhali usiruke kitu.

Uliniambia nimtafute aliyekosea. Ni mimi. Niliwaona wote mnachora, nikaandika kwamba mnajua. Ile barua ya kufunga darasa ilitoka kwenye karatasi yangu. Nimejua tangu siku ile, na nilipokuuliza ukurasa wa ngapi nilikuwa natumaini utasema mmemaliza kitabu, ili uongo wangu ugeuke kweli bila mimi kufanya lolote.

Baada ya barua ya Mwalimu nilikwenda kwenye kabati la majalada. Ripoti zake nne nilizikuta. Bahasha tatu hazijafunguliwa. Ya nne ilikuwa imewekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Nikazibeba zote mpaka kwa Mkuu kabla miguu haijabadili mawazo.

Alinisikiliza huku anakunja mikono ya shati. Kisha akasema, "Kwa hiyo Karani Safi ni mchafu?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Nimeshapeleka takwimu juu. Niwaambie nini? Kwamba watu arobaini wamesahau kusoma ndani ya mwezi?"

Nikamnyooshea ripoti. Akasoma ripoti moja akiwa amesimama, akakaa, akasoma ya pili. Halafu akatoa uamuzi wake. Tarehe 24 atakuja mwenyewe na gazeti. Atakayesema kwa kinywa chake mbele ya wote kwamba hajui kusoma, na mstari ukamshinda, atafutiwa ile alama. Wakifika ishirini, darasa litabaki, kwa sababu kanuni inataka ishirini. "Wasipofika," akaniambia, "wewe andika barua ya kuacha kazi, uniondolee tabu ya kuandika ya kukufukuza."

Dada, najua ninachokuomba. Nilikuja kwenu mkajiosha na kupanga foleni ili nisiaibike. Sasa naomba msimame muaibike ninyi. Kama kuna njia nyingine, sikuiona.

Mdogo wako

---

Machimboni
17 Machi

Karani,

Nimesomewa.

Nilimwambia Mwalimu aache katikati, akakataa. Akasema umemwomba asiruke. Kwa hiyo nimesikia yote mbele ya dirisha la kantini, na watu wanapita.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwako. Ulinifanya nimtukane mtu ambaye ni wewe. Hasira ya pili ni kwangu, kwa sababu wazo la vipande vya boksi lilikuwa langu, na wale watu waliniamini. Mama Pacha alikuwa anafanya mazoezi huku ananyonyesha.

Lakini unajua unachotaka? Hapa kuna msimamizi, yule mwenye kalamu sikioni, anayetuita vipofu wenye macho. Hukosi kumkumbuka, alikukaribisha kiti. Wanangu wawili wanasoma, na wanadhani mama yao anapenda kusomewa kwa sababu amechoka. Mbele ya hao wote niseme sijui? Kwa watu wengine kutojua si kitu. Mimi nimelificha hilo jambo mwilini kama ugonjwa.

Wenzangu wanasema afadhali darasa life. Fundi amesema hasimami hata kwa mtutu wa bunduki.

Sijui kama nitasimama. Wewe usije.

Dada yako

---

Machimboni
27 Machi

Mdogo wangu,

Mkuu wako alikuja. Mtu mfupi hivi! Kwa jinsi unavyomwogopa nilidhani atainama kupita mlangoni.

Alitandaza gazeti juu ya pipa, akauliza nani aanze. Mzee Kiko akajitokeza, kifua mbele, akalishika gazeti, akakohoa, akasoma: "Habari za leo ni nzuri." Mkuu akamwuliza, "Imeandikwa wapi hiyo?" Mzee Kiko akasema, "Kote." Watu walicheka mpaka nyundo zikaanguka, na Mzee Kiko mwenyewe akacheka. Akarudi nyuma akajificha kwenye watu.

Kisha hakuna mwingine aliyejitokeza. Mkuu akaanza kulikunja gazeti. Nikamwona anavyolikunja, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, nikajua likiisha kukunjwa na kwapani likiingia, basi, mimi na ukurasa wa kumi na tisa tumeachana. Nikasimama.

Nikasema, "Mimi sijui kusoma. Jina langu nalichora."

Akasema, "Mbona mdogo wako ameandika unajua?"

"Kwa sababu nilimdanganya, naye akapenda kudanganywa."

Mtoto wangu wa kwanza alikuwepo. Hakunitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Mama Pacha akafuata, na mtoto mgongoni. Halafu mmoja mmoja. Mzee Kiko alirudi na kusema, "Na mimi, ingawa habari zilikuwa nzuri." Wanawake karibu wote walisimama. Wanaume walikuwa wanasubiriana kama watu wanaotaka kuingia maji ya baridi. Tukafika kumi na tisa, tukakwama. Nilimtazama Fundi. Fundi alitazama gurudumu la gari la Mkuu.

Hapo msimamizi akatoa kalamu sikioni, akaiweka juu ya pipa. Akasema, "Niandike mimi." Mkuu akasema, "Wewe jina lako halimo kwenye daftari." Akajibu, "Ndiyo maana nasema niandike. Tarakimu nazijua. Maneno huwa namwachia binti yangu." Hakuna aliyecheka. Hata Mzee Kiko. Miaka sita mtu huyo ananiita kipofu, mdogo wangu, na nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Nilitaka kumletea kiti. Mkuu akamwandika.

Ishirini. Fundi alisimama baada ya hapo, amechelewa kama kawaida yake, akawa wa ishirini na moja. Darasa lipo mpaka mwisho wa mwaka. Na msimamizi amekubali tuanze saa kumi na mbili asubuhi, nyundo zingoje mpaka saa moja, mikono ikiwa bado mizima. Angekataa vipi, na yeye ni mwanafunzi? Miwani Mkuu ameahidi. Mwalimu amesema tutaamini tukiivaa.

Sasa kuna jambo lingine. Mwalimu ameacha kuandika, ananitazama. Andika, Mwalimu.

Nikishasema sijui mbele ya watu wote wale, nimeona sina sababu ya kuendelea kulificha hili. Wewe unaamini baba alinitoa shule ili wewe uende. Si kweli. Ilikuwa nafasi ya mmoja, sawa, lakini nafasi hiyo ilikuwa yangu, na niliiacha mwenyewe. Mimi natumia mkono wa kushoto. Mwalimu wa wakati ule aliufunga mkono wangu kwenye dawati kwa kitambaa, niandike kwa kulia, na darasa zima likawa linaimba kila herufi yangu ilipopinda. Siku ya tano sikurudi. Nikamwambia baba, mpeleke mdogo, mimi nitabaki nisaidie nyumbani. Baba akaniita mtoto mwenye moyo. Jina zuri. Nikalivaa.

Wewe ukakua unasimuliwa kwamba dada yako alijitoa kwa ajili yako. Kila ulipofunga shule ulikuja unanitazama kwa aibu, unanichotea maji, unanibebea mzigo. Nilikuwa naona. Ningeweza kusema siku yoyote. Lakini bila hiyo hadithi ningekuwa tu mtoto aliyekimbia, na ile aibu yako ilinipa cheo. Naomba unisamehe. Mwalimu huyu hata hakuuliza naandika kwa mkono gani. Alinipa penseli tu.

Dada yako

---

Ofisini
8 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Mkuu ameniongezea majaribio miezi sita na ameacha kuniita jina lolote. Akinihitaji anagonga meza. Lakini ametoa fomu mpya. Sasa msajili anamsomesha mtu mstari mmoja asioujua, na anamuuliza pia saa inayomfaa na kama anaona ubao. Nimekwenda nayo vituo viwili. Safu zimejaa mapengo, na kila pengo naliandika taratibu, maana nyuma ya kila pengo kuna mtu amenitazama kama ulivyonitazama wewe.

Barua yako nimeisoma mara nne. Sitakudanganya kwamba nilifurahi kufunguliwa mzigo. Nilikasirika. Nilisoma shule nzima nikijiambia kila swali ninalokosea mimi, wewe unakosea mara mbili. Sikucheza mpira. Sikuwahi kukuuliza chochote wala kukukatalia chochote. Nilimwogopa kila mwalimu na kila mkuu, kwa sababu nikifukuzwa mimi, wewe ulikaa nyumbani bure. Hata siku ile machimboni, nusu ya woga wangu ulikuwa huo. Halafu kumbe ulikimbia kwa kufungwa mkono, mtoto wa miaka tisa. Nikafikiria hicho kitambaa. Nikakosa wa kumkasirikia.

Mwalimu, hapa naomba usimame. Yaliyo chini usimsomee. Nimeyakata silabi kama kitabu chenu kinavyokata, na nimeandika kwa herufi kubwa. Mpe karatasi asubuhi, mikono ikiwa mizima. Akichukua wiki, na achukue wiki.

DA-DA.
HA-SI-RA I-ME-I-SHA.
U-LI-KU-WA M-TO-TO.
NA MI-MI NI-LI-KU-WA M-TO-TO.
NA-KU-JA JU-MA-MO-SI.
SI-LE-TI DA-FTA-RI.